Tarakimu ya Uaminifu

Kwanza naishukuru serikali. Katika nchi yetu kila maandishi, hata yale yanayobandikwa kwenye chupa ya dawa ya kikohozi, lazima yaanze kwa kuishukuru serikali, na mimi sijawahi kuvunja kanuni. Jina la nchi sitalitaja. Lilibadilishwa mara mbili mwaka jana na nasikia la tatu limeshachapishwa kwenye kalenda, kwa hiyo nitasema "nchi yetu" tu, na anayeijua ataijua.

Mimi ni Mwalimu Sengondo. Nilifundisha hesabu darasa la nne kwa miaka kumi na mmoja, mpaka siku ile Mkurugenzi Mkuu wa Malipo, Mheshimiwa Dokta Mtarajiwa Bambalawe, alipotembelea shule yetu. Neno "Mtarajiwa" ni sehemu ya shahada yake. Ameitarajia tangu mimi sijaota ndevu, na kwa sheria yetu anayetarajia shahada miaka kumi mfululizo huhesabiwa kuwa ameipata nusu. Mheshimiwa aliingia darasani, akanitazama usoni kwa muda mrefu, akanishika bega.

"Huyu ana sura ya mtu anayeaminika," akawaambia wapambe wake. "Nipeni huyu."

Hakuna mtu aliyewahi kunisifia sura, hata mke wangu. Nilikwenda chooni nikalia kidogo, nikanawa, nikarudi nikiwa Ofisa Uelimishaji wa Namba za Benki, Daraja la Pili, Wilaya ya Ng'ambo ya Saba. Tangu siku hiyo nilimpenda yule mzee kama baba yangu mzazi, na nasema hivyo bila aibu kwa sababu aibu yenyewe ilikuja baadaye.

*

Zamani wastaafu wetu walilipwa dirishani. Unakwenda hazina ndogo ya wilaya, unapanga foleni, unaweka kidole kwenye wino, unapewa chako unaondoka. Utaratibu huo ulikuwa na kasoro kubwa sana: watu walikuwa wanalipwa. Basi likatoka Agizo la Kuziba Dirisha. Kila malipo ya serikali yaingie moja kwa moja kwenye akaunti ya mtu benki. Dirisha likazibwa kwa matofali mbele ya bendi ya polisi, na Mheshimiwa Bambalawe akaja mwenyewe kuweka tofali la mwisho.

"Ndugu wananchi!" alisema, mikono imejaa saruji. "Kuanzia leo pesa haitembei tena kwa miguu. Pesa inaruka! Na kitu kinachoruka lazima kiwe na mahali pa kutua. Je, ninyi mnajua kitatua wapi?"

"Hatujui!" wananchi wakajibu.

"Basi mimi ninajua," akasema, na watu wakapiga makofi kwa dakika kumi na nne, ambacho ndicho kiwango cha chini kwa cheo chake.

*

Kazi yangu ilikuwa kuwaeleza wazee namba ya benki ni kitu gani. Niliipenda kazi hiyo, na sidhani kama yupo aliyeifanya vizuri kuliko mimi. Nilikuwa nasimama mbele ya ubao kwenye ukumbi wa wilaya na kusema hivi:

"Wazee wangu, msichanganye vitu viwili. Namba ya akaunti ni mlango wa nyumba yako. Namba ya benki ni njia ya kufika mtaani kwako. Ukiandika mlango wako sawasawa, lakini njia ukaandika ya mtaa mwingine, mgeni atapiga hodi kwa watu wengine huko, na wewe utabaki na chakula chako mezani."

Hapo walikuwa wanacheka. Kisha nilichambua zile tarakimu tisa. Mbili za mwanzo ni benki yenyewe. Tatu zinazofuata ni wilaya. Tatu tena ni tawi ulilofungulia akaunti. Inabaki moja peke yake mwishoni, na hiyo serikali imeipa jina la tarakimu ya uaminifu. Hiyo haina mtaa wala benki. Kazi yake ni kulinda wenzake. Unajumlisha zile nane za mwanzo, na tarakimu ya mwisho ya jumla yako ndiyo inatakiwa ikae nafasi ya tisa. Mtu akikosea au akijitungia namba, hesabu inakataa na malipo yanarudi yalikotoka.

"Namba ya uongo," nilikuwa nasema nikigonga ubao kwa chaki, "mashine inaitapika!"

"Inaitapika!" wazee wakaitikia. Walilipenda sana neno hilo.

Sasa kutoka makao makuu likaja bango. Lilikuwa na urefu wa mita mbili, na juu yake Mheshimiwa anajaza fomu ya malipo kwa kalamu ya dhahabu huku anatabasamu. Fomu yenyewe imechapwa kwa herufi kubwa. Jina: Raia Mwema. Namba ya akaunti: nukta nukta. Namba ya benki: 042173085. Chini kabisa: WANANCHI WAJAZE KAMA INAVYOONEKANA. Nilitafuta neno "mfano" mbele na nyuma ya bango, sikuliona. Nikapiga simu.

"Mheshimiwa, shikamoo. Ile namba ya benki pale kwenye bango, ni ya mfano tu, siyo?"

Alicheka kicheko cha upendo. "Sengondo mwanangu, umeanza kuwa na maswali?"

"Hapana, mzee."

"Basi waambie wanakili kama ilivyo."

Nikawaambia.

*

Hapa msomaji wa nchi nyingine anaweza kushangaa, kwa hiyo nieleze. Kwetu mtoto hufundishwa kunakili kabla hajafundishwa kusoma. Anachoandika mwalimu ubaoni ndicho kinachoingia kwenye daftari, kosa likiwa kosa. Nzi akitua ubaoni, unamchora nzi. Mimi mwenyewe, Mungu anisamehe, niliwahi kumnyima alama mtoto aliyemwacha nzi. Watu waliolelewa hivyo ukiwawekea fomu iliyojazwa tayari na kuwaambia waijaze kama inavyoonekana, hawakuulizi kitu. Wastaafu mia tatu na arobaini wa wilaya yetu walinakili ile namba ya benki, kila mmoja chini ya akaunti yake. Mia mbili kati yao walinakili hata jina, na mpaka leo kwenye vitabu vya serikali wilaya yetu inaongoza kwa kuwa na wazee wengi wanaoitwa Raia Mwema. Tulipewa barua ya pongezi kwa hilo.

Mmoja tu ndiye aliyeinua mkono. Huyo ni Bi Nyamizi, nesi mkunga, aliyestaafu wiki hiyo hiyo baada ya miaka thelathini na nne katika hospitali ya wilaya. Nusu ya watu wa mji wetu wametoka tumboni mwa mama zao wakapokelewa na mikono yake, wakiwemo binti zangu wawili. Alikuwa anakaa kwenye nyumba ya serikali namba tisa, vyumba viwili na baraza. Barua ya kumtaka ahame ilimfikia asubuhi ya siku aliyostaafu, saa moja kamili, na inasemekana ndiyo karatasi pekee iliyowahi kuwahi katika historia ya taifa letu. Alipewa mpaka mwisho wa mwezi wa saba. Kiinua mgongo chake kilikuwa kinatosha kununua nyumba ndogo nyuma ya soko, na mwenye nyumba alikubali kumsubiri mpaka tarehe hiyo hiyo, lakini siku moja zaidi hapana.

"Mwalimu," alisema, ameshika miwani kwa kidole, "namba ya benki iliyo kwenye kitabu changu cha akaunti si hii ya bango. Yangu ni ya tawi la hapa mjini, na inaishia na mia moja ishirini na saba. Niandike ipi?"

Nilifundisha hesabu miaka kumi na mmoja. Jibu nilikuwa nalijua.

"Andika ya bango, mama."

"Una hakika?"

"Serikali haiwezi kubandika namba ya uongo ukutani, mama."

"Sijaiuliza serikali, mwanangu. Nakuuliza wewe."

"Nina hakika."

Akaandika. Akakunja fomu, akanipa, akatabasamu. "Wewe nakuamini. Nilikuona unazimia mlangoni mwa wodi siku mkeo anajifungua. Mtu anayezimia namna ile hana uongo."

*

Mwezi ukapita. Bi Nyamizi alikuwa anakwenda benki kila Jumatatu. Keshia anamwambia, "Bado haijaingia, mama." Anatoka hapo anakuja ofisini kwangu. Namwambia, "Imeshatoka, mama." Na wote wawili tulikuwa tunasema kweli.

Makao makuu kulikuwa na sherehe. Katika malipo yote yaliyorushwa kwa wazee wetu, hakuna hata moja lililorudi. Sifuri! Nchi jirani zilituma ujumbe kuja kujifunza. Mheshimiwa Bambalawe alivishwa nishani ya Mrushaji Bora, akahutubia taifa kwa saa mbili na nusu kuhusu unyenyekevu.

Wiki iliyofuata Bi Nyamizi aliingia ofisini bila kubisha. Mkononi alikuwa na karatasi ya nyuma ya kalenda.

"Mwalimu, nimefanya ile hesabu yako. Sifuri, nne, mbili, moja, saba, tatu, sifuri, nane. Jumla ishirini na tano. Ya mwisho tano. Na namba ya bango inaishia na tano."

"Sawa kabisa, mama."

"Ulitufundisha namba ya kujitungia mashine inaitapika. Hii haikutapikwa. Kwa hiyo hakuna aliyejitungia. Ni namba ya kweli, ya tawi la kweli." Alivua miwani. "Liko wapi hilo tawi, mwanangu?"

Nitasema ukweli, jambo la kwanza nililosikia moyoni lilikuwa fahari. Katika miaka yote ya ualimu sijapata mwanafunzi kama yule. Hofu ilifuata nyuma yake. Nilifungua kabati, nikatoa kitabu cha matawi ambacho kwa kanuni ofisa hatakiwi kukifungua mbele ya mwananchi, nikapitisha kidole. Wilaya 217, tawi 308. Tawi la Kwambalawe.

Nilijiambia kwamba majina hufanana.

*

Tulikwenda kwa pikipiki ya ofisi, saa tatu za vumbi. Kwambalawe ni mashamba ya mahindi pande zote, na katikati ya mahindi limesimama jengo la vioo lenye sakafu ya marumaru ambayo ukiikanyaga unaona nyayo zako kwa chini. Ndani kulikuwa na mama mmoja wa makamo, Bi Siwema, keshia, meneja na mlinzi wa tawi, anafuma vitambaa vya makochi. Alifurahi sana kutuona.

"Mna akaunti hapa? Hamna. Sikutegemea. Mteja tunaye mmoja tu."

Tukamweleza shida yetu. Hakushangaa hata kidogo. Alifungua daftari kubwa, akatuonyesha malipo mia tatu na arobaini yamepangwa vizuri, na mbele ya kila moja mwandiko wake safi: *akaunti haipo hapa*.

"Pesa zikifika tawini na akaunti isipatikane, naziweka kwenye Akaunti ya Wasiojulikana," alisema. "Zikifika mwisho wa mwezi wa saba hazina mwenyewe, kwa mujibu wa kanuni zinageuka mchango wa hiari. Zinaingia kwa mteja wetu."

"Ni nani huyo?" nikauliza.

"Mfuko wa Maendeleo ya Kwambalawe." Akanyoosha sindano ya kufumia ukutani. Mwenyekiti wa mfuko alikuwa anatutazama kutoka kwenye fremu, ana kalamu ya dhahabu, anatabasamu.

Bi Nyamizi hakuangalia picha. Alimwangalia Bi Siwema. "Lakini mimi najulikana. Niko hapa mbele yako."

"Mama, mimi nakuona. Daftari ndilo halikuoni. Dawa yake ni ndogo tu: ofisa aliyekufundisha kujaza aandike kwamba alikufundisha kuandika namba hii. Ukurasa mmoja, sahihi yake na muhuri. Akiniletea kabla ya mwisho wa mwezi, nakurudishia chako siku hiyo hiyo, wewe na wenzako wote. Kanuni iko wazi. Tatizo ni kwamba maofisa wenyewe huwa hawaandiki."

Wote wawili wakanigeukia. "Nitaandika," nikasema. "Kesho asubuhi na mapema."

Nikaendesha pikipiki kurudi. Niliumia, na niliumia kwa namna ya kitoto ambayo sikuitegemea kwa mtu mwenye mvi. Mzee yule alinishika bega. Aliniita mwanangu. Mimi nilikuwa nasimulia habari zake nyumbani wakati wa chakula, na binti zangu walikuwa wanamwita babu. Kumbe muda wote ule nilikuwa nampelekea wazee wa watu mmoja mmoja, na chaki mkononi.

*

Kesho yake asubuhi, kabla sijapata karatasi, gari la makao makuu lilikuwa limeegeshwa nje. Mheshimiwa alikuwa amekaa kwenye kiti changu, anakunywa chai yangu.

"Sengondo mwanangu! Nasikia ulitembelea kwetu. Umeona marumaru?"

"Nimeiona, mzee." Nikakusanya nguvu. "Mheshimiwa, wale wazee pesa zao..."

"Duniani kuna makosa ya aina mbili," alinikatiza kwa upole. "Kosa la serikali na kosa la mwananchi. La kwanza halijawahi kutokea. Kwa hiyo nimeunda tume. Itachunguza ni kwa nini wazee wetu hawajui kunakili." Akasukuma karatasi mbele yangu. Ilikuwa maelezo yangu mwenyewe, yamechapwa tayari. Nilikuwa nimesema kwamba niliwafundisha wazee kila mmoja aandike namba ya benki yake, wao kwa uvivu wakaiga picha ukutani.

"Mzee, hivi sivyo nilivyowafundisha. Wewe uliniambia..."

"Mimi nilikuambia? Una barua?"

Sikuwa na barua. Nilikuwa na simu tu, na upendo.

"Kwa nini mimi?" nikamuuliza. Machozi yalikuwa karibu. "Walimu ni wengi nchi hii. Kwa nini ulinichagua mimi?"

Akanishangaa kweli, kama mtu aliyeulizwa jina lake. "Nilikuambia siku ile ile, mbele ya darasa zima. Una sura ya kuaminika. Mimi ningesimama mbele ya wale wazee na ile namba, unadhani wangeandika?"

Kisha akaorodhesha, bila kupandisha sauti: binti zangu wawili na shule wanayosoma, mshahara wangu na tarehe unayoingia, na ile namba ya benki unakopitia, ambayo alikuwa anaijua kwa kichwa, tarakimu zote tisa. Akaniwekea kalamu yake ya dhahabu mezani. Ni nzito kuliko inavyoonekana pichani.

*

Tume ilikaa siku mbili kabla ya mwezi kwisha. Ukumbi ulijaa Raia Wema. Mwenyekiti wa tume alifungua kwa kuishukuru serikali, akafunga kwa kuishukuru, na katikati akawaita mashahidi. Bi Nyamizi alivaa sare yake ya zamani, nyeupe, imepigwa pasi.

"Sina maneno mengi," alisema. "Mwalimu yuko pale. Mimi nilimuuliza, naye akanijibu. Muulizeni yeye, atawaambia."

Akaketi bila wasiwasi wowote. Sijawahi kuona mtu ametulia vile.

Nikasimama. Nikasoma yaliyochapwa. "Niliwafundisha kila mmoja aandike namba ya benki yake mwenyewe."

Hakuna aliyepiga kelele. Nilitamani wapige. Bi Nyamizi alitega sikio, kama nilikuwa mbali. "Mwanangu, sijakusikia vizuri. Sema tena."

Nikasema tena, kwa sauti kubwa zaidi, na katibu akaandika mara mbili.

*

Mwezi wa saba ukaisha, mchango wa hiari ukapokelewa, na redio ikawashukuru wastaafu wa wilaya yetu kwa moyo wao. Nyumba ya nyuma ya soko ilinunuliwa na mtu mwingine mchana wa siku hiyo. Mimi nilipandishwa kuwa Daraja la Kwanza. Ofisa wa Daraja la Kwanza ana haki ya nyumba ya serikali, na barua yangu ilisema iliyo wazi ni moja tu, namba tisa.

Nilikwenda jioni kupokea funguo. Nilidhani nitakuta ameshaondoka. Alikuwepo, amefagia na kupiga deki, mizigo yake mitatu imefungwa kwa kanga pale barazani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Hakunikaribisha wala hakunifukuza. Akaanza kunitembeza kama wageni wanavyotembezwa. "Bomba la jikoni usilikaze sana, litavuja. Dirisha la chumbani linyanyue kwanza ndipo ulifunge. Binti zako watalala huku, hakuna upepo."

"Mama Nyamizi, mimi nili..."

"Fomu ya makabidhiano iko wapi?"

Nikaitoa mfukoni. Ni fomu fupi: jina la anayehama, tarehe, mahali anakohamia, sahihi. Niliifungua juu ya ukuta wa baraza, nikaipapasa inyooke, nikachomoa kalamu yangu ya kawaida.

"Hapa pana sehemu zinasumbua," nikasema. "Nikusaidie kujaza?"

"Hii nitaijaza mwenyewe."

Akainama, akaanza kuandika polepole. Nilipoegemea kidogo nione anakohamia ni wapi, akauweka mkono wa kushoto juu ya karatasi, akaufunika mwandiko wake kwa kiganja, vile mwanafunzi anavyoficha majibu yake kwa mwenzake anayejulikana kwa wizi. Nilirudi nyuma hatua mbili, nikasubiri amalize.